Herufi Tano za Mwisho

Haya nimeambiwa na mjukuu wangu mtarizi, Jumatano iliyopita, tukiwa tumekaa sebuleni tunakunja nguo za mtoto. Ya mwisho niliyaona kwa macho yangu, maana yalitokea Ijumaa, kwenye viti vyangu.

Mjukuu wangu ana karakana ya tarizi, chumba kimoja kwenye safu ya vyumba vya kupanga. Humo ana cherehani kubwa ya sindano sita na kompyuta inayoiongoza. Nembo za sare za shule unazoziona huku kwetu, yule ndege, ule mwenge, ule mkono ulioshika kitabu, zote alizichora yeye kwenye hiyo kompyuta kwa miaka sita, cherehani ikazishona. Mdogo wake wa tumbo moja ni fundi wa kompyuta. Tunamwita Waya, kwa wembamba wake. Alipoacha chuo, dada mtu alimpa meza pale karibu na mlango atengenezee kompyuta za watu. "Akikaa nyumbani ataota kutu, bibi," aliniambia.

Sasa, kompyuta ina mfumo unaoiendesha, na mfumo una matoleo. Liko la nyumbani, liko la kazi. Mjukuu wangu alipoambiwa hospitali kwamba atajifungua kwa kupasuliwa, alinunua toleo la kazi, kwa sababu hilo ndilo linalomruhusu mtu akae kitandani na kompyuta ndogo, aingie kwenye ile ya karakana, achore kama yuko pale. Unachonunua hasa ni ufunguo: herufi na tarakimu ishirini na tano, zimepangwa tano tano, na ni wa mashine moja tu. Muuzaji alimsomea kwa simu mara mbili, na zile tano za mwisho zikamkaa kichwani: M, nane, T, K, nne. Waya ndiye aliyeuingiza. Dakika chache, toleo likapanda, na hakikupotea kitu.

Mumewe ni dereva wa malori, hakai nyumbani, kwa hiyo akajifungulia kwangu. Kidonda hakijakauka, tayari anachora, mto mgongoni, mtoto ubavuni. Waya kazi yake ilikuwa kuwasha mashine asubuhi na kuvalisha nguo kwenye fremu. Yakaenda hivyo wiki tatu. Siku moja mashine ikakataa kumpokea.

"Waya, mbona siingii?"

"Mtandao, dada. Pumzika kwanza, umepasuliwa juzi tu."

Kesho yake umeme. Keshokutwa kirauta, kile kisanduku cha intaneti. Siku nyingine akamwambia eti panya kala waya. Mjukuu wangu akacheka mpaka akashika kidonda. "Panya kamla Waya!" akanipigia kelele chumbani. Tukacheka wote, wajinga sisi.

Wiki ya pili ya visingizio hivyo ikaja simu ya mwalimu mkuu, yule mteja wake mkubwa kuliko wote. "Hongera mama, kwa mtoto na kwa duka jipya. Mdogo wako ameniletea sampuli, kazi safi."

"Duka gani, mwalimu?"

"Lile la barabara ya pili. Au nimekosea?"

Aliniachia mtoto akaondoka, na daktari alikuwa amemkataza hata kuinua ndoo. Karakana akaikuta imefungwa. Meza ya mlangoni haipo. Cherehani ipo, kompyuta ipo. Akaiwasha. Ikamuuliza anataka lugha gani, kama mashine iliyotoka kwenye boksi leo. Ilipofunguka, pembeni imeandika toleo la nyumbani, tena halina leseni. Folda zote tupu. Akatoa karatasi ya ufunguo kabatini, akauandika wote ishirini na tano, polepole, asikosee. Kompyuta ikamjibu kwamba ufunguo huo unatumika kwenye mashine nyingine.

Akatembea hadi barabara ya pili, mkono tumboni. Kibao kimepakwa rangi mbichi. Waya hayupo, yupo mkewe, amekaa kwenye kiti cha ofisi mbele ya kompyuta.

"Karibu wifi! Mtoto hajambo? Mbona umetoka, si utafungua mshono?"

"Hajambo. Nipishe kidogo hapo nikae."

Iko amri fupi ya kuandika, ukiiandika mashine inakuonyesha herufi tano za mwisho za ufunguo wake. Waya mwenyewe ndiye aliyemfundisha, siku ile wanauingiza. Akaiandika. M, nane, T, K, nne.

"Unatafuta nini wifi?"

"Nilikuwa natafuta changu. Nimekiona."

Akainuka. Hakugusa kitu, hakutukana mtu. Alipofika kwangu alimchukua mtoto mikononi mwangu, akamnyonyesha, na maziwa yakakataa kushuka mpaka jioni. Hayo ndiyo aliyonisimulia tukikunja nguo. Alikunja kigauni kimoja mara nne.

Nikamuuliza, "Kinachokuuma ni ufunguo?"

"Ufunguo nitanunua mwingine, bibi. Michoro yangu. Nikiwa nayo hiyo, hata kesho naanza upya, hata kama ni chini ya ngazi za watu. Bila hiyo mimi ni mtu mwenye cherehani tu."

Ijumaa, saa nane mchana, Waya akaja. Sabuni mbili na fulana ya mtoto, ndogo, hata haimuingii. Akaamkia, nikaitikia. Nikampa maji akanywa. Ni mjukuu wangu huyu pia, nifanyeje?

Dada yake akakaa kiti cha mbele, mtoto begani. "Panya hajambo?"

Waya akatazama sakafu. "Dada, nilikuwa nije nikueleze."

"Eleza."

"Nilihitaji toleo la kazi kule dukani. Wewe umelala, mtoto mchanga, nikaona hata mwaka hurudi. Mtu akishazaa..."

"Akishazaa anakuwaje? Anakufa?"

"Sikusema hivyo."

"Haya. Ufunguo umechukua. Kwa nini umenifutia kila kitu?"

Hapo akajibu kifundi, sauti ikamrudi. Akasema toleo la nyumbani likipanda kuwa la kazi linapanda tu, unaandika ufunguo basi. Lakini kulishusha la kazi liwe la nyumbani hakuwezekani hivi hivi, ni mpaka ufute na upachike mfumo upya. "Nisingeweza kukuachia la kazi bila ufunguo, lingekusumbua. Nikakuwekea la nyumbani, angalau uwe na kitu."

"Ukarimu huo! Unamwibia mtu nyumba, unamjengea kibanda."

"Lakini kazi zako nilizihamisha zote, dada. Haki ya Mungu. Folda ya mishono, yale maagizo ya kuipa cherehani, ninayo yote."

"Mishono. Na michoro?"

Ndipo akasema kilichomleta. Mwalimu mkuu anataka ile nembo ya mwenge iwe kubwa, ya mgongoni mwa makoti. Amejaribu kuuvuta mshono uwe mkubwa, uzi unaachana, kitambaa kinaonekana chini. Bila mchoro wenyewe haiwezekani. "Ndiyo nauliza, uliiweka wapi?"

Nilimwona mjukuu wangu akibadilika uso. Alimhamisha mtoto bega la pili kabla hajajibu.

"Kwenye ile folda uliyonitengenezea siku ya kwanza unanifundisha. Uliipa jina lako, nami sikulibadilisha. Waya. Michoro ya miaka sita imo humo."

Waya akafumba macho. "Hiyo nilidhani ni takataka zangu za zamani. Sikuifungua hata, ikafutika na mengine."

Basi. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa nayo, si mwizi wala mwenyewe.

"Nitakurudishia ufunguo leo leo," akasema.

"Uurudishe nifungulie nini?"

"Basi nichoree hiyo moja tu. Nimeshamwahidi mwalimu."

Dada yake alichukua simu akampigia mwalimu mkuu pale pale, sauti wazi tusikie sote. Akamwambia nembo zile ni mkono wake, zimefutika, atazichora upya zote, anaomba mwezi mmoja na kazi ibaki kwake.

"Pole sana mama," mwalimu akasema. "Lakini nimeshaandikiana na mdogo wako mkataba wa mwaka mzima. Hayo mambo malizaneni nyumbani."

Simu ikakatika. Hata Waya hakufurahi, hilo nitalisema kwa haki.

Mimi nikamuuliza neno moja. "Mwanangu, ulipokuwa unafuta, dada yako alikuwa kwenye simu, mwendo wa vidole tu. Mbona hukumwuliza?"

"Angekataa, bibi."

Alisema hivi hivi tu, kama mtu anayejibu saa ngapi. Dada yake akaitikia kwa kichwa, mara moja, akamfungulia mlango. Hakuufunga kwa nguvu.

Akarudi akakaa kitandani na daftari la miraba, akaanza mwenge. Akachora mpini, akafuta. Akachora tena, miali ikamkataa. "Ulikuwa na miali saba au tisa?" akaniuliza. Sikujua. Mtoto alishalala. Nikamtoa penseli vidoleni, nikashusha pazia jua lisimpige usoni, nikamwambia alale ubavu usio na kidonda. Akasema hatapata usingizi. Akawa anahesabu miali kwa midomo, hatoi sauti, mpaka midomo ikasimama, akalala.