Kitanda Kifupi Nyuma ya Gari

Mlima ulio kati ya kwetu na hospitali, madereva wanauita Mama Mkwe. Ukimwendea, wanasema, nenda umeinama, gia ndogo, na usithubutu kumpigia honi. Watu hucheka. Na mimi nilikuwa nikicheka, mpaka siku gari la zahanati lilipokata pumzi kwenye kona ya tatu na mke wangu amelala nyuma, amening'ang'ania mkono wa shati kana kwamba mimi ndiye breki.

Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba gari linatoa moshi mweusi kama tanuri la matofali na halisogei. Turbo yake, kile kikonokono cha chuma kinachosukuma upepo ndani ya injini ili dizeli iungue vizuri, ilikuwa imekufa siku nyingi. Bomba la upepo walilifunga kwa kipande cha tairi na waya. Dereva aliniambia ameshasema ofisini mpaka ulimi umeota sugu. Gari jipya lilikuwepo, zima kabisa, ila siku hiyo lilikuwa limewapeleka wakubwa mkutanoni. Nasikia mkutano wenyewe ulikuwa wa mambo ya afya.

Tulisukuma, mimi na dereva, gari lenye mgonjwa ndani. Mwishowe lori la mawe likatuvuta hadi juu. Kule hospitali daktari, kijana mpole tu, alivua glavu akasema, "Mzee, mngewahi kidogo tu." Hakusema kwa ubaya. Lakini kuna maneno yanakaa kooni kama mwiba wa samaki, hayashuki wala hayatoki.

Mimi ni mwashi. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo nilipokwenda ofisini kuuliza habari ya barabara na gari, walinijibu kama mtu anayemfukuza kuku: barabara ipo kwenye mpango. Mpango huo ni mzee kuliko mimi. Mkubwa mmoja alipotaka kupita, walileta watu wakapaka chokaa mawe ya kando ya njia. Mashimo yakabaki vilevile, ila sasa yamezungukwa na mawe meupe, kama makaburi.

Baadaye zahanati ikaliuza lile gari kwa mnada, chakavu. Nikauza kiwanja changu nikalinunua. Mtaani wakasema kufiwa kumenivuruga.  Nilitaka kulipandisha gari lile lile mlima ule ule, na mtu amelala nyuma, bila kusimama. Likipanda, basi gari halikuwa na kosa, mlima haukuwa na kosa, na Mungu pia hakuwa na kosa. Watabaki wao wa ofisini.

Sababu ya pili ilikuja na begi mkononi. Binti yangu, mtoto wetu wa pekee, alirudi nyumbani na mimba imeshakuwa kubwa, kwa kuwa mumewe yuko machimboni mbali na hakutaka kubaki peke yake. Hospitali ni ile ile na njia ni ile ile. Nikamwambia siku yake ikifika atakwenda na gari la baba yake, na hatashikwa na kona yoyote. Akasema, "Tutaona, baba." Mtu akikwambia tutaona, yeye ameshaona, ila anakuonea huruma.

Gari nikalikokota hadi gereji ya shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu. Wateja wanamwita Spana. Tangu mazishi tulikuwa tukisalimiana kwa mkono tu, kila mmoja akiogopa macho ya mwenzake, maana macho yake ni ya dada yake. Alifungua mlango wa nyuma, akachungulia, akaufunga, akaenda kunawa mikono ingawa hakuwa amegusa kitu. Aliporudi akaniuliza, "Shemeji, unataka litembee au unataka lipande?"

"Lipande."

Akanionya kwamba injini hii ni kama mgonjwa wa moyo, ukiichekesha sana inakufia mikononi. Dizeli ukiiongeza bila kuongeza hewa, unapata moshi na joto, na joto linayeyusha pistoni kama mshumaa. Kwa hiyo hewa kwanza. Akatafuta turbo ya gari kubwa zaidi kwenye vyuma chakavu, akaifungua, akaisafisha kwa mswaki. Mbele ya rejeta akafunga kipoza hewa, nacho kama rejeta ndogo, maana upepo wa turbo hutoka umechemka na upepo wa moto hauna nguvu. Ekzosi akaitoa ile nyembamba, akachomelea bomba pana. Klachi akaweka nzito, tusije tukawa na nguvu inayoishia kuiunguza na kunuka. Na kwenye dashibodi akatoboa tundu la geji ya kupima joto la moshi. Akasema hiyo sindano ndiyo mama mwenye nyumba, ikinuna, toa mguu.

Mwisho kabisa ndipo akaigusa pampu ya dizeli. Juu yake kuna kofia, na ndani ya kofia kuna pini iliyochongwa mteremko upande mmoja. Ukiizungusha kidogo tu, upepo wa turbo ukija pini inashuka zaidi na dizeli inaingia nyingi zaidi. Kazi ya kucha, si ya nyundo. Lakini Spana ana mwiko wake: hagusi pini ile mpaka gari libebe mzigo wake wa kweli. Gari tupu, anasema, linaahidi kama mgombea.

Sasa mzigo wetu ni upi? Muuguzi mmoja, msindikizaji mmoja, na mgonjwa. Mimi mchanga ninao, ndiyo riziki yangu. Magunia ya wale wawili tuliyakadiria tu, tukayaegesha pembeni. La mgonjwa nilibeba mikononi, nikaona zito, nikapunguza mchanga. Nikabeba tena, nikaongeza kiganja, nikabeba tena, mpaka mikono yenyewe ikakubali. Nilipoinua uso, shemeji alikuwa amegeukia ukutani anapanga funguo zilizokwisha kupangwa.

Kitanda cha zahanati walikuwa wamekitoa kabla ya mnada, wakatuachia matundu ya boliti. Tukatengeneza chetu cha bomba. Yeye alishika mwanzo wa futi, mimi nikauvuta nikasema mpaka hapa. Hakuuliza kwa nini hapo. Akatazama kidogo, akasema nipunguze kidogo upande wa miguu, nikapunguza. Tukakata, tukachomelea, tukafunga sakafuni. Gunia tukalilaza juu, likalala vizuri mwanzo hadi mwisho. Vumbi la mchanga lilipoanza kutapakaa nilichukua shuka nyumbani, ile yenye maua ya buluu, nikalifunika.

Kila Jumapili tukawa tunampanda Mama Mkwe. Mara ya kwanza tulitoa moshi hata mama muuza chai pale chini ya mlima akafunika sufuria zake kwa kanga. Sindano ya joto ikanuna kabla ya kona ya pili, tukarudi. Spana akairudisha pini kidogo, akaziba bomba moja lililokuwa likivujisha upepo. Jumapili iliyofuata tukafika kona ya tatu, gari likakohoa, tukarudi. Watoto wa njiani wakatupa jina, ambulensi ya mchanga. Mama chai naye akawa ananipokea, "Shikamoo mzee. Mgonjwa wako bado hajapona tu?" Namjibu marahaba, bado. Tulikuwa tunataniana. Yeye hakujua, na mimi sikumweleza.

Halafu ikaja Jumapili moja, asubuhi ya baridi. Nilikuwa kwenye usukani, shemeji macho kwenye geji. Gia ya pili, turbo ikaanza kupiga mluzi wake, nikahisi mgongo unasukumwa kwenye kiti. Kona ya kwanza, ya pili. Kona ya tatu ilipita kama mlango wa jirani. Nyuma moshi mwembamba, wa kijivu. Tukatokea juu, paa la hospitali linaonekana kule bondeni, linang'aa, karibu hivyo.

Nikataka kuzima, akanishika mkono. Turbo iliyotoka kazini haizimwi ghafla, oili inaungulia ndani. Inaachwa ipumue. Basi tukakaa, injini ikinguruma chini chini, sindano ikishuka taratibu. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Dada angefika," akasema.

"Angefika."

Ndipo akanyoosha mkono, akazima.

Unaweza kudhani nilifurahi. Hasira niliyokuwa nayo kabla ilikuwa ya kudhani, sasa ikawa ya kujua. Chuma chakavu, mafundi wawili wasio na vyeti, na mlima umepandwa. Wale wenye stoo, wenye bajeti, wenye viti vya kuzunguka, waliwezaje kushindwa? Hawakushindwa. Hawakuwa na mtu wao mle nyuma.

Kesho yake tukamwita binti yangu uani aje aone. Mimi na mjomba wake tulisimama kama watoto walioshinda mtihani. Akafungua mlango wa nyuma. Akaiona shuka kwanza, akaishika upindo kwa vidole viwili. Kisha akaliona lile gunia limelala, limefungwa mkanda tumboni.  Halafu akasema tulitoe, ajaribu.

Tukalitoa. Akapanda kwa shida, tukimshika huku na huku, akajilaza ubavu. Sasa binti yangu amenifuata mimi. Ni mrefu, tangu shuleni walimwita Mlingoti. Mama yake alinifika kwapani. Visigino vya mwanangu vilitokeza nje ya kitanda, nje ya sakafu, vikaning'inia hewani. Spana akasukuma mlango taratibu, ukagonga nyayo. Akausukuma tena, kama mtu anayedhani mlango ndio wenye makosa.

Kisha akaanza kupapasa mifuko akitafuta futi, akiongea haraka haraka, kwamba ni kazi ya asubuhi moja, anakata hapa, anaongeza bomba, mlango anaufanyia kitu. Mimi nikabaki natazama nyayo zile. Mimi, ninayepima kuta za watu na sikosei hata upana wa ukucha.

Binti yangu alikuwa akitazama dari ya gari. "Baba," akasema, "mlikuwa mnampima nani?"

Spana aliendelea kupapasa mifuko. 

"Mjomba, usikate. Hiki kitanda ni cha mama. Mwacheni nacho."

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu aliyekuwepo ndiye aliyekosa mahali.

Tulipomshusha, akanieleza alichokuwa amekipanga wiki nzima bila kuniambia. Shangazi wa mumewe ana chumba nyuma ya hospitali. Atakwenda kukaa huko hadi ajifungue. Nikamwambia gari linapanda. Akasema anajua, mluzi wake anausikia mpaka jikoni. Nikamwambia nitamwahisha. Akanishika mkono, mkono ule ule wa shati, akasema, "Sitaki kuwahishwa, baba. Nataka siku ikija niwe nimeshafika."

Nilikasirika, sitaficha. Sikumkasirikia yeye. Mtoto wangu akalale kwa watu, ahesabiwe sahani, kwa sababu kuna watu wanapaka mawe chokaa. Binti za wakubwa hawahami nyumba kwa ajili ya kuzaa. Lakini neno lake lilikuwa zima, sikupata pa kulishika.

Kitu kimoja alinikubalia, nimpeleke mimi. Akakaa mbele, mto mgongoni. Magunia niliyarudisha nyuma, maana gari lile likiwa tupu linarusha kama punda, na mtu mwenye mimba hatakiwi kurushwa. La kitandani nikalifunika shuka, sikuweza kuliacha wazi. Akageuka akaliona, akageukia mbele. Pale chini ya mlima mama chai alituona, akainua mkono, akameza utani wake.

Nguvu yote ile tuliyoitafuta, nikaitumia kwenda polepole. Nilizunguka kila shimo. Turbo haikupiga mluzi hata mara moja. Kwenye kona ya tatu mwanangu alifumba macho, na mimi nikayafumbua yangu zaidi.

Mjukuu alizaliwa mimi nikiwa juu ya jukwaa na mwiko mkononi, napiga lipu ukuta wa mtu. Wa kike, mzima, na mama yake mzima. Spana aliponiletea habari alisema sasa yupo mtu wa kutosha kwenye kile kitanda. Hatukucheka, na hakurudia.

Siku ya kuwafuata nilikwenda peke yangu. Wangekuwa na mizigo, na shangazi mtu alitaka kuwasindikiza, nafasi ilihitajika. Nilipofika kona ya tatu nilisogeza gari pembeni, nikaliacha linanguruma. Shimo la siku ile bado lipo, limepanuka, mawe yake meupe yameshachujuka. Nikayaburuta magunia ya pembeni, nikayamwaga shimoni. Lile la kitandani nililibeba mikononi. Nililibeba muda mrefu kuliko ilivyohitajika, lori moja likanipita, dereva akapunguza mwendo, akaona, akaendelea. Kisha nikalifungua kamba.

Mchanga bila saruji hauzibi shimo, mwashi yeyote anajua hilo. Mvua ya kwanza itauchukua, na wakubwa wakipita kabla ya mvua watasema mnaona, barabara inatengenezwa. Nikausawazisha kwa nyayo hata hivyo, nikaukandamiza mpaka ukawa sawa na njia. Shuka nikaikung'uta, nikaikunja, nikaiweka kitandani upande wa kichwa.

Nikarudi kwenye usukani. Injini ilikuwa imeshapumua, sindano imeshuka chini kabisa. Nikaizima nikakaa kidogo pale, palipokuwa kimya. Halafu nikawasha, nikapanda.