Bamba la Tumbo la Sahara

Gari lenyewe waliliita Sahara, na jina hilo halikuwa la kujitapa. Mzungu mmoja aliyechomwa na jua alilivusha gari hilo, Land Cruiser, jangwa zima, akafika nalo Likasi, mji wa shaba wa Katanga, likikohoa, akaugua malaria, akaliuza apate nauli ya ndege. Aliyelinunua ni Déogratias, karani wa kiwandani; aliyelifanya liwe mali ni mkewe Bibiane, aliyekwenda nalo Kapolowe kuchukua mahindi ya kuuza mjini. Usukani ulikuwa wake. Déogratias aliogopa mashimo, na mashimo hayamwogopi mtu.

Mwaka ule mahindi yalisahauliwa. Ulikuwa mwaka wa kuambiana nani wa hapa na nani si wa hapa. Watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, ambao babu zao waliletwa kuichimba shaba hii hii, walianza kuitwa bilulu, yaani wadudu, kwanza kwa mzaha, halafu kwa nyimbo, halafu kwa mawe. Wakafukuzwa makazini na majumbani, wakarundikana stesheni na magodoro yao wakingoja treni isiyofika, na wengine walizikwa kabla ya kusikia honi yake. Déogratias alizaliwa Panda, mtaa huu huu wa Likasi, na kubatizwa Panda, lakini baba yake alitoka Kasai. Kumbe hilo lilitosha.

Bibiane yeye alikuwa Mkatanga kwa baba na kwa mama. Angeweza kubaki. Kila mtu alimkumbusha hivyo, hata wale ambao hawakuwa na desturi ya kumsalimia. Carmen, mke wa jirani yao Magloire, alithubutu kuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia mapya, Bibiane akiwa jikoni anasonga bukari, ugali wa huko.

"Usisumbuke, mama," alisema Carmen, "fanya tu kazi yako."

Bibiane aliifanya. Aliusonga ule bukari mpaka mwiko ukalia.

"Ku gare kungoja treni minye sitaenda," alimwambia mumewe walipokaa kula. "Mama Mbombo hawezi kulala inje na miguu yake ile. Tutaenda na Sahara. Tutafika ku Kasai sawa bantu."

Mama Mbombo, mama mzazi wa Déogratias, alikuwa na miguu iliyovimba kiasi cha kutovaa viatu. Aliusikia mjadala wote, akaomba nyama kidogo zaidi.

Tatizo la Sahara lilikuwa tumboni. Mzungu alikuwa amelifunga chini bamba la aluminiamu, jepesi, la kuteleza juu ya mchanga. Kwa jangwa lilifaa sana. Lakini njia ya Kasai huanza na mawe na visiki, ndipo unaufikia mchanga, na barabara ya Kapolowe ilikwisha kulitoboa lile bamba mpaka likawa chujio. Jiwe moja likipasua karteri, lile bakuli la oili chini ya injini, oili inamwagika, injini inakufa, na familia inabaki porini na mgonjwa wao, miongoni mwa watu waliokwisha kufundishwa nyimbo. Bibiane aliliwaza hilo bamba hata akiwa anasali.

Akaanza kuulizia. Kwenye bomba la maji alimwambia jirani yake Fidélie, "Niko natafuta blindage. Uniulizie."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwenye gereji, blindaji ni chuma cha kukinga tumbo la gari. Lakini mitaani Likasi neno hilo hilo ni dawa: hirizi unayofungwa kiunoni na mganga ili risasi, jicho baya na wachawi wa ukoo wako wasikupate. Fidélie hakuwa na gari. Alisikia alichosikia, akakipeleka sokoni, na ulimi hauna mfupa. Kabla chakula cha mchana hakijaiva, Panda nzima ilijua kwamba Bibiane amejifunga dawa dhidi ya ndugu zake mwenyewe.

Kaka yake Numbi alifika akihema. Alikuwa mkuu wa karakana kiwandani, mtu wa sauti nzito, na ndiye aliyemlea Bibiane baba yao alipofariki. Alimkuta amelala chali chini ya Sahara, miguu nje.

"Bibiane! Toka mule!"

"Yaya, kaka, niko na kazi."

"Kazi gani? Bantu banasema umeenda kwa nganga, umejifunga blindage juu ya siye! Siye njo balozi, bachawi yako? Minye nilikulea, leo niko mulozi?"

Bibiane alijivuta nje, oili usoni. Alimwona kaka yake amesimama kama mtu aliyeitwa mchawi na mtoto aliyemlea mwenyewe. Akacheka. Alicheka mpaka akalishika gari asianguke. Kisha akamvuta mkono, akamlaza chini na suruali yake ya kupigwa pasi.

"Angalia. Blindage njo ile. Mulozi yangu njo mawe."

Numbi aliyaona matundu, akaelewa, kicheko kikamtoka bila ruhusa. Walicheka wote wawili chali chini ya gari, na kwa kitambo kidogo hapakuwa na mwaka ule wala nyimbo zake. Kicheko kilipoisha, hakuna aliyeinuka.

"Niko na tole ku atelier," alisema Numbi hatimaye. Tole ni bamba la chuma, na hilo la karakana yake lilikuwa nene kama kidole. "Nitaileta. Nitaifunga minye mwenyewe. Déo na mama yake bataenda muzuri." Akapitisha kidole kwenye tundu moja. "Lakini weye na batoto mutabakia."

"Batoto ya nani?"

"Batoto yako, Bibiane."

"Na baba yabo?"

"Unajua vile bantu banasema."

"Sema weye. Sema ile jina hapa, niko nasikia. Baba yabo njo kilulu? Basi minye nilizala bilulu tatu, na yote weye ulibeba ku batême, ku kanisa."

Numbi aligeuza uso. Bibiane alimpenda sana kaka yule, na kwa sababu hiyo hasira yake ilimuuma yeye mwenyewe. Lakini hakufuta neno hata moja.

"Tole yako ni nzito," aliongeza. "Sahara itainama mbele, tumbo itakaribia mawe. Na hata kama ilikuwa nyepesi, siitaki. Minye ntaenda na bwana yangu."

"Basi utafunga nini? Karatasi?"

Bibiane akarudi kulitazama lile chujio. Numbi akaenda kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na ukuta, amenuna. Déogratias alitoka ndani, akamsalimu shemeji yake kwa heshima, akapokea mguno.

Magloire naye akaja kupita, mikono mfukoni, anatembea kama mtu anayekagua shamba lake. Ndiye aliyeongoza vijana wa mtaa ule kuimba.

"Mutatoka siku gani?" aliuliza. "Mutuachie ufunguo, mama. Ile mulango yenu," akaupigapiga mlango kwa kofi, nao ukaitika kwa sauti nene, "hata basoda na bunduki yabo habawezi kuibomoa. Minye naipenda kupita nyumba."

Akaondoka akipiga mluzi.

Bibiane alibaki akiutazama mlango. Mwaka wa uporaji, askari walipozoa maduka na vijana wakazoa kilichobaki, Déogratias aliuza baiskeli yake akatengenezesha mlango wa chuma. Bibiane alikuwa ameufungua na kuufunga kila siku tangu hapo bila kuuona. Sasa aliuona. Haukuwa mwepesi kama ile aluminiamu, wala haukuwa mzito kama tole la kaka yake. Akaupima kwa mikono, kisha akaenda kupima chini ya gari kwa mikono ile ile.

"Déo," aliita, "leta ufunguo ya bulo," yaani spana ya bolti.

Déogratias alielewa kabla hajamaliza kusema. "Mulango ikitoka, hatuna nyumba tena."

"Sasa tuko nayo?"

Mumewe aliitazama nyumba, ukuta alioupaka chokaa mwenyewe, dirisha ambalo Carmen alikwisha kulipima. Machozi yalimlenga, hakuyaficha. Kisha akaleta ufunguo.

Numbi alinyanyuka kutoka kwenye ndoo. "Munasikia? Nyumba bila mulango, hamutalala mule. Bataingia kabla jua haijashuka. Mukitoa hii, njo leo mutaenda."

"Leo, basi," alisema Bibiane.

Mlango ulitoka ukipiga kelele, na giza la ndani likawa wazi kwa mtaa mzima. Mama Mbombo alitolewa nje akiwa kwenye kiti chake. Watoto walibeba sufuria. Déogratias alikata ukingo kwa msumeno, akaanza kuukunja mbele kwa nyundo, na karani ni karani: aliukunja kuelekea chini. Numbi alivumilia mapigo machache tu.

"Hapana vile! Ukikunja chini, italima mawe, itasimamisha gari! Kunja juu, ipande!" Akampokonya nyundo. "Na tundu ya kumwanga oili? Kila mara mutafungua bulo yote?"

Hakusema kwamba amekubali. Alipiga chuma tu, alitoboa, aliingia chini ya Sahara akaling'oa lile chujio, akafunga bulo moja moja, akizikaza kwa uzito wake wote. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Bibiane alimpa kitambaa, akapokea.

Injini ilikuwa imekwisha kuwashwa, watu na mizigo ndani, Bibiane mbele ya usukani, Magloire alipotokea na godoro kichwani, Carmen nyuma yake na mapazia. Alisimama mbele ya tundu lililokuwa mlango.

"Mulango yangu iko wapi?"

"Iko huku chini," alijibu Bibiane kwa upole dirishani. "Unaipenda kupita nyumba. Ingia, uitoe."

Magloire alidhani anataniwa. Akatua godoro, akainama, hakuona vizuri. Akapiga magoti. Halafu akalala kifudifudi kwenye vumbi, kichwa chini ya gari, akajisukuma kwa viwiko, na wale vijana wake wa nyimbo wakiwa wamesimama njiani wanamtazama.

"Ni mulango yangu!" sauti yake ilitoka mule chini. "Bameifunga na bulo!"

Hakuna kijana aliyecheka, na hakuna aliyeimba. Wote walimgeukia Numbi, kwa kuwa alikuwa mkubwa pale, na alikuwa wa hapa. Bibiane naye alimtazama. Hakujua kaka yake angesema nini.

Numbi alikwenda akasimama penye nyayo za Magloire, zilizotokeza nje ya gari.

"Magloire," alisema, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "toka mule. Bantu yangu banapita."

Magloire akajiburuta nje. Bibiane akatia gia.