Uso wa Tope

Udongo ulikuwa umetapakaa sakafuni mwa pango, na katikati ya mabonge niliona sikio. Mama mkwe aliketi papo hapo akaangua kilio, yeye ambaye hata kwenye msiba wa mumewe alijikaza.

"Wamemkata kichwa, Cuilan! Wamemkata!"

Miaka ile, huku kwetu mkoani Shanxi, wezi walikuwa wakikata vichwa vya sanamu za Buddha mapangoni na kuviuza mbali. Huyu wetu alikuwa mlinzi wa wanawake wanaojifungua. Kila mwanamke aliyejifungua salama alimpaka usoni tope jipya lililokandwa na makapi ya mtama, tangu enzi za bibi wa bibi zetu, mpaka uso ukaumuka kama mkate wa mvuke. Mimba zangu mbili zilikuwa zimeharibika. Ya tatu ilikuwa tumboni, imekua, na Mama alikuwa ameiwekea nadhiri kwake. Sasa asiye na kichwa atatusikiaje?

Nikaegemeza ngazi ukutani, kando ya sanamu.

"Shuka, mwendawazimu we! Na tumbo hilo?"

"Niache, Mama. Nataka nione walipokata."

Huko juu kulikuwa giza na vumbi tupu. Nilinyoosha mkono kutafuta shingo, vidole vikagusa pua. Pua ya jiwe, baridi, laini. Nikapapasa kope, midomo, kidevu. Nilicheka mpaka ngazi ikatikisika.

"Yupo, Mama! Mzima! Wamebomoa tope tu!"

Jirani yetu mzee Geng akaingia anahema. "Nimepishana nao bondeni, wanatukana njia nzima. Eti wamehangaika gizani bure na mungu wa udongo mtupu!"

Mama akawasha taa, akainyanyua. Hakuna aliye hai aliyewahi kuiona sura ile: ya msichana, na tabasamu la mtu anayezuia kicheko. Alimtazama weee, machozi yakimtiririka, kisha akajipangusa kwa mkono wa koti.

"Mzuri hivi, watarudi. Lete maji tukande udongo."

Binti yangu alizaliwa wakati wa mavuno, akilia kwa hasira, na nikapanda ngazi na tope langu mwenyewe.

Juzi kijana mmoja mgeni, kamera shingoni, aliniuliza nani aliifinyanga sanamu hii vibaya hivi.

"Mbaya kweli, mwanangu," nikamjibu. "Hana sura kabisa."

Binti yangu, ambaye naye ni bibi sasa, aligeukia ukutani kuficha kicheko.