Uchungu wa Mwenyekiti

Alhamisi mchana Ernesta alikuwa akisugua vibuyu kwa mchanga nyuma ya kilabu chake, na wanawake wanne walikuwa ndani ya mtumbwi wa kukamulia, wakikanyaga ndizi mbivu. Kukanyaga ndizi ni kazi ya wanaume. Kule Ngara hilo halikuhitaji kuandikwa popote. Lakini wiki ile Ernesta aliwataka wanawake, tena si wowote: aliwataka waliowahi kutelekezwa njiani.

Kilabu kilikuwa mali yake, mjane, katika kijiji cha ujamaa ambamo kila kitu kilikuwa cha wote isipokuwa kazi ya kuchota maji. Rubisi yake, pombe ya ndizi, iliwanunulia wajawazito sabuni na kanga, na iliwanunulia machela. Zahanati ilikuwa mlima wa pili. Mwanamke akishikwa na uchungu hubebwa na wanaume, na wanaume hawanyanyui mpaka wanywe. Ernesta aliwanywesha bure. Safari moja wakanywa, wakambeba Rozalia, mmoja wa wanne wale, hadi bondeni, wakamtua ili wapumzike, wakalala. Rozalia akajifungulia kwenye mtama. Alipotoka na mtoto aliwakuta bado wanakoroma, akawafunika kwa machela wasipigwe na jua.

Melania, mke wa Renatus mwana wa Ernesta, hakupata hata bahati hiyo. Mtoto wake wa kwanza alifia bonde lilelile. Sasa mimba ya pili ilikuwa imetimia, Renatus yuko vitani na mgambo, na Ernesta ameapa kwamba huyu atazaliwa mbele ya muuguzi. Alikuwa ameomba Land Rover ya kijiji.

"Gari lina shughuli za vita," Mwenyekiti Protasi alimjibu.

Vita ilikuwa mbali huko kaskazini. Gari lilikuwa likibeba matofali ya nyumba ya Mwenyekiti.

Jumamosi rubisi iliiva, na Protasi akaja kukifunga kilabu.

"Shikamoo, Mama Renatus."

"Marahaba."

"Biashara ya mtu binafsi ni unyonyaji. Chama kimesema tukate mirija."

"Kata. Ila huo ulio mdomoni mwako utaukata mwenyewe, au nikusaidie?"

"Huu nakagulia."

Alikagua kibuyu kizima, akaomba kingine. Ansbert na wabebaji wenzake, walioitwa kwa ajili ya Melania, walikagua pamoja naye, kisha wakajinyoosha ukutani.

Alasiri chupa ya Melania ilipasuka. Alitazama maji miguuni, akasema hasikii maumivu yoyote. Hapohapo Protasi akaangusha mrija, akashika kiuno, akatoa sauti ambayo kila mwanamke pale aliifahamu.

"Ni tumbo?" Ernesta akauliza.

"Kiuno! Mama yangu, kiuno kinapasuka!"

"Ndiyo njia yake. Huanzia huko."

Ansbert akapiga magoti. Wenzake wakaanza kuuma vitambaa vyao. Rozalia, aliyekuwa amekanyaga ndizi zile, alimwekea Mwenyekiti kiganja tumboni.

"Usisukume, Mwenyekiti. Bado."

"Bado mpaka lini?"

"Mtoto ndiye anayejua."

Melania alikuwa amekaa kando akitafuna muhindi wa kuchoma, akiwaonea huruma.

Gari liliitwa, likaja upesi kuliko barua yoyote ya serikali. Dereva wake, Luhende, Msukuma wa kutoka Biharamulo, aliyamwaga matofali barabarani, akawapakia wanaume wote wanaolia. Kisha akamgeukia Melania.

"Na wewe dada una nini?"

"Nazaa."

"Mbona mzima? Wenye kuumwa ni hawa. Fuata taratibu, pisha vumbi."

Walifuata kwa miguu, Ernesta amebeba uji kwenye kibuyu. Walipofika mlima wa pili walisikia Mwenyekiti anamwita marehemu bibi yake. Ernesta akasikiliza.

"Umebakiza kidogo," akamwambia Melania, wakaongeza mwendo.

Zahanati ilikuwa na kitanda kimoja na Protasi alikuwa juu yake. Muuguzi, Domisiana, alitandika mkeka sakafuni. Melania akajifungua mtoto wa kike huku akisimulia habari za kwao Kibimba, na Mwenyekiti akasukuma kwa niaba yake. Mtoto alipolia, Protasi alinyamaza, akafuta machozi, akaomba uji. Akapewa ule wa Melania.

Jumatatu kukawa na mkutano wa kijiji. Hakuna aliyeuliza imekuwaje. Yaliyotokea yalikuwa yametokea, na sasa ilibaki kuyapangia utaratibu. Ilikubaliwa kilabu kisifungwe, kwa kuwa wanaume hawakuwa tayari kuacha kunywa. Ikakubaliwa pia kwamba machela hayana kazi tena, na Land Rover iwe inaegeshwa mlangoni pa kilabu kila rubisi inapoiva, kwa usalama wa wanywaji.

Ernesta akasimama, mjukuu mikononi.

"Na anayezaa, atapanda?"

Protasi aliinuka polepole, mkono mmoja bado uko kiunoni. Alimtazama kwa upole, kama mtu anayemweleza mwenzake jambo lililo wazi.

"Lakini, Mama Renatus, ninyi hamuumwi."

Wanaume wakapiga makofi. Ernesta akaketi. Ilikuwa kweli hawaumwi.

Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Esperansia. Alitoka nyumbani mzima, akitembea kwenda zahanati. Kwenye mteremko gari lilimpita limejaa wanaume wanaolia, naye akasogea pembeni, akawapungia mkono, akajifungulia palepale kando ya barabara, bila maumivu, na bila mtu.