Sweta ya Mwalimu Obura

Mwaka wa hamsini na sita, katika shule yetu pale Nakuru, kipindi cha hesabu kilipofika wavulana walibaki darasani na sisi wasichana tukatolewa nje kufuma. Mwalimu Obura alisema hesabu huwaumiza wasichana kichwa. Kichwa changu kilikuwa kizima. Kilichoniuma ni kwamba bila hesabu hakuna mtihani wa darasa la nne, na bila mtihani ningebaki nyumbani kumenya viazi. Nilimchukia mwalimu yule kwa moyo wangu wote.

Aliposikia mkaguzi wa shule anakuja, Mwalimu akataka sweta mpya. Wavulana wapige hesabu, mimi Kuluthum nifume. Mvulana mmoja, Ndung'u, akampima kifua akakizunguka chote: inchi arobaini. Kila inchi mishono sita. Akaandika kwenye karatasi: mbele 240, nyuma 240, sufu madonge 16. Mwalimu akatia wino mwekundu, "Sahihi kabisa."

"Mwalimu, hiyo mia mbili na arobaini ni ya mwili mzima," nikasema. "Inafaa igawanywe mbele na nyuma."

"Wewe fuma. Hesabu wachia wenyewe."

Mdharau mwiba mguu huota tende. Nikaenda sokoni kwa Mama Chelangat, aliyesokota kwa mkono wake sufu ya kondoo wa Molo, ikinuka zizi bado. Nikaomba madonge kumi na sita ya sweta ya Mwalimu, kama karatasi ilivyosema.

"Sweta ya mtu ni madonge nane. Hii mwalimu yenu iko na vifua ngapi?" akauliza. Mama yule hakuwahi kukanyaga darasa.

"Kimoja, mama. Lakini wavulana wamepata viwili."

Akacheka mpaka akakalia gunia la mwenzake.

Nikafuma kila mshono ulioandikwa, sikupunguza hata mmoja. Nilimaliza asubuhi ya ukaguzi. Kulikuwa na baridi kali, na Mwalimu ni mbishi, akaivaa. Ungedhani amejifunga hema.

"Nani amefuma hii?" mkaguzi akauliza.

"Huyu msichana. Si unaona, hesabu haiwezi."

Nikatoa karatasi. Mkaguzi akausoma ule wino mwekundu, akanipa chaki. Nikaigawanya ile 240 kwa mbili ubaoni: 120.

"Huyu atafanya mtihani?"

Mwalimu alikuwa amezamisha kidevu na pua ndani ya sweta, karibu hata macho.

"Mwalimu, nimekuuliza."

"Atafanya," sweta ikajibu.