Kichwa cha Mwalimu

Sehemu ya pili ya filamu ile ilipofika mjini, Redio ndiye aliyewapigia wenzake simu. Alikuwa muuza mapazia, na jina la Redio walimbandika tangu usichana kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Sehemu ya kwanza waliiona wote watatu kabla hata mmoja wao hajaolewa: wasichana watatu wamepanga chumba kimoja, wanagombania kioo, wanaapa hawatafichana kitu. Siku ile Msusi, Redio na Mwalimu walitoka ukumbini wakiwa wameshagawana waigizaji, huyu ndiye mimi, yule ndiye wewe, na ubishi wa nani alipata mrembo zaidi haukuwahi kwisha.

Sasa Redio alikuwa na wajukuu, Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha jiografia, na Msusi alikuwa hawezi kusimama saluni kutwa bila magoti kumlalamikia.

Msusi alikubali kwenda shingo upande. Alikuwa na kinyongo na Mwalimu. Kichwa cha Mwalimu alikisuka yeye tangu ujana wao, na kovu refu lililokuwa nyuma ya sikio la kushoto alilijua kama mtu anavyoijua kona ya nyumba yake gizani. Kila mara aligawa mistari ya nywele kulizunguka lisionekane. Halafu mwaka uliopita Mwalimu akaaga kwamba anakwenda kukaa na binti yake anayeishi mbali. Miezi ikapita. Aliporudi, saluni hakukanyaga tena. Akawa mtu wa vilemba. Msusi akajisemea kwamba mwenzake amehamia saluni mpya ya ng'ambo ya barabara, ile yenye viti vya kuzunguka. Hakumuuliza. Mteja aliyekukimbia humfuati, na akiwa rafiki ndiyo kabisa. Alichofanya ni kupunguza simu.

Wakaketi katikati ya ukumbi, mchana, viti vingi vitupu. Msusi alikaa kati, Redio kulia kwake, Mwalimu kushoto, bisi zikipita kutoka mkono hadi mkono. Waigizaji walewale wakatokea, nyuso zimelegea, nywele zimeingia mvi.

"Wamezeeka kuliko sisi," Redio akanong'ona.

"Hujajiangalia," Mwalimu akamjibu, na wote watatu wakacheka mpaka mtu wa mbele akageuka.

Filamu ikaenda vizuri. Mmoja alikuwa ameachika, mmoja amegombana na mwanawe. Yule wa tatu, ambaye tangu zamani walisema ndiye Mwalimu, akagundulika ana saratani. Akaonyeshwa akiingia kwenye chumba kirefu cha hospitali chenye viti vya kuegemea vilivyopangwa mstari, na kila kiti pembeni yake dripu imening'inia. Akaketi anatetemeka. Kwenye kiti cha jirani alikuwapo mama mmoja asiye na unywele hata mmoja, anasoma gazeti. Mama yule akafunua ukurasa, akageuza kichwa, na nyuma ya sikio la kushoto likaonekana kovu.

Msusi aliliona kovu kabla hajauona uso.

"Kukaa ndiko kugumu," mama yule akamwambia mwigizaji. "Ukishakaa, ni kiti tu." Kisha akarudi kwenye gazeti lake.

Sauti ilikuwa ile iliyokuwa ikiwatajia wanafunzi majina ya mito.

"Jamani, huyo mama kafanana na Mwalimu," Redio akasema, na punje ya bisi ikabaki kati ya vidole vyake. "Hata sauti."

Msusi akageuka kushoto polepole, kama anayeogopa kuamsha mtu. Mwalimu alikuwa anaangalia mbele, mikono ameipakata, kilemba kimekaa sawasawa. Mwanga wa filamu ulikuwa ukimpita usoni.

"Ni wewe," Msusi akasema.

"Ni mimi."

"Unaigiza."

"Sikuwa naigiza."

Yaliyofuata kwenye filamu Msusi hakuyaona, ingawa macho yalikuwa wazi. Alisikia watu wakicheka, akasikia muziki, akasikia Redio amenyamaza, na huo ukimya wa Redio ndio uliomtisha zaidi. Taa zilipowaka, walitoka hadi kwenye ngazi za nje. Msusi akakaa kwenye saruji, watu wakimpita huku na huku.

Mwalimu akakaa ngazi ya chini yake, akaeleza bila haraka. Uvimbe ulionekana kwenye titi. Akapasuliwa, akaanza dawa. Siku moja watu wa filamu wakaja kupiga picha wodini, wakaomba wagonjwa watakaopenda wabaki kwenye viti vyao. Wengi walikataa.

"Mimi gazeti lilikuwa halijaisha, na dripu ndiyo kwanza imeanza," akasema. "Mwongozaji akaniuliza, mgeni akiingia huwa unamwambia nini. Nikamwambia. Akasema basi sema hivyohivyo."

"Na kwa binti yako?" Redio akauliza.

"Sikwenda kokote. Nilikuwa nyumbani kwangu, nimeshusha mapazia."

"Mapazia niliyokuuzia mimi," Redio akasema, machozi yakaanza kumshuka.

Msusi alikuwa anamtazama kama mtu asiyeelewa lugha. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa mtaa wa pili kutoka saluni. Alikuwa akipita hapo akienda kununua rangi ya nywele.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja. Nilifika hadi mlangoni. Nikakuona kwa kioo unamsuka bibi harusi, mnacheka wote. Nikasema leo nisiwaharibie, nitakuja kesho. Kesho ikanishinda. Siku zilivyozidi, ndivyo maneno yalivyozidi uzito. Nikaona filamu inisemee."

"Wewe umeniketisha gizani, na bisi, unionyeshe hilo?"

"Ndiyo," Mwalimu akasema. "Nisingeweza kukutazama huku nakwambia."

Msusi akainuka, akashika njia peke yake. Wenzake hawakumfuata. Saluni alikuta mteja anamngoja, akachukua kitana, akagawa nywele mstari wa kwanza, na mkono ukaganda juu ya kichwa cha mwanamke yule mpaka akaulizwa kama anaumwa. Ugonjwa aliweza kuuelewa, watu huugua. Kilichomshinda kumeza ni kwamba miezi ile yote yeye alikuwa ameishi vizuri tu. Alikula, alilala, alinenepa kidogo. Mwenzake alikuwa anatapika mtaa wa pili, yeye akamnunia kwa ajili ya kiti cha kuzunguka.

Siku kadhaa hakupokea simu ya mtu. Halafu asubuhi moja akafunga saluni, akaenda kugonga kwa Mwalimu. Alimkuta amevaa tayari, anakwenda kupimwa. Redio alikuwa ameshafika, ameketi sebuleni na mkoba mapajani.

"Vua kilemba," Msusi akasema.

Mwalimu akavua. Nywele zilikuwa zimeanza kurudi, nyeupe, laini kama za mtoto mchanga, na kovu lipo wazi kwa yeyote mwenye macho. Msusi akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo. Hakusema pole. Neno lenyewe lilikuwa dogo mno.

"Bado nimekasirika," akasema.

"Najua."

"Sijui nitakasirika mpaka lini."

"Kasirika tukiwa njiani," Mwalimu akasema. "Tutachelewa."

Hospitalini walingoja sana. Muuguzi alipomwona Mwalimu akamwita mwigizaji wetu, na Redio akafufuka, akawasimulia watu wa foleni nzima. Daktari alipotoka na majibu, alisema kwa sasa hakuna kitu, arudi baada ya miezi sita. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaanza kutafuta mkoba wake ambao alikuwa ameubeba begani.

Msusi akabaki mlangoni mwa chumba cha daktari.

"Akirudi," akauliza, "ninaruhusiwa kuingia naye mpaka ndani?"

"Wewe ni nani yake?"

Akafikiri kidogo. "Namsuka," akasema.

Daktari akatazama kile kichwa chenye nywele za kuhesabika, akamtazama na yeye, kisha akamwambia anaweza kuingia.