Nilivyomjibu Mpimaji wa Viwanja

Akina mama wenzangu, akija mtu mlangoni kwenu akawauliza kama kiwanja fulani kinakaa watu au hakikai, mwambieni kweli. Kama hamjui, semeni hamjui. Msijibu kama nilivyojibu mimi.

Huku kwetu ile ndege ya mizigo isiyo na rubani watoto wameipa jina, wanaiita Mpagazi. Ukubwa wake ni kama gari dogo, ina feni sita, na tumboni hubeba dawa za hospitali na vipuri vya mashine. Hupita juu yetu mchana, watoto wanampungia mikono utadhani kuna mtu ndani atakayewajibu. Mimi nikimsikia tu, moyo unaanza mbio. Mtaani wananiita Roho Juu, na sibishi. Hata sahani ikivunjika kwa jirani, mimi nimeshatoka nje kuhesabu wanangu.

Basi asubuhi moja akaja dada mmoja mpimaji, buti zimejaa tope, mkononi ana simu pana kama sinia. Nikamkaribisha kiti pale mlangoni.

"Mama," akasema, "ndege hii ikipata hitilafu angani, lazima ishuke mahali pa karibu. Tunatafuta viwanja vya akiba."

"Kwani haina macho?"

"Inayo. Inaona mawe, nyaya, mteremko, inaona hata mbwa aliyelala. Lakini inaona ya saa ile tu. Kiwanja kikiwa kitupu asubuhi, haiwezi kujua kwamba jioni watoto wanacheza mpira hapo. Hayo mnayajua nyinyi mnaoishi hapa. Ndiyo maana mimi natembea kwa miguu."

Akanyoosha kidole nyuma ya nyumba yangu. Pale zamani walikuwa wanafyatua matofali. Tangu mafundi wahame, hakuna mtu anayekanyaga pale, ni uwanda mkavu, tambarare, hauna mti wala waya. Jibu lilikuwa moja tu. Lakini mimi akilini nilishamwona Mpagazi anashuka kando ya dirisha la jiko langu, feni zinazunguka, na mwanangu wa mwisho anatoka mbio kwenda kumtazama.

"Hapo?" nikasema. "Weee! Hapo watu hawakauki."

"Mbona sasa sioni hata mmoja?"

"Umekuja saa mbaya."

Akabonyeza simu yake. Kisha akauliza, "Na kile cha kule chini, nyuma ya nyumba ya fundi cherehani? Nimebisha hodi, hayupo."

"Yule ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Kapeleka sare shuleni."

"Afadhali, kumbe ni ndugu. Basi nisaidie wewe. Kinakaa watu kile?"

Jamani. Kile kiwanja cha wifi, watoto wakitoka shule, nusu ya mtaa inahamia pale. Wanapiga mpira, wanaruka kamba, wanagombana, wanapatana, na wifi yuko barazani na cherehani yake anawatazama huku anashona. Wanangu mimi walikuwa pale kila siku. Nilijua kuliko mtu yeyote. Ila nilimwona huyu dada anatafuta pa kumweka Mpagazi, na kama hapatikani kwingine, atarudi kwangu.

"Panya tu ndio hupita," nikasema.

Akacheka, nikacheka naye. Wanangu nitawakataza kwenda, ndivyo nilivyojiambia. Wa wifi sikuwafikiria. Hapana, niseme kweli: niliwafikiria, nikawaruka.

Alipokuwa anafunga kamba za buti, nikamuuliza, "Na ikishuka ikamkuta mtu kiwanjani?"

"Haitui. Ikiona mtu, hata mmoja, inaondoka inatafuta kingine. Tabu ni ikiwa imebakiwa na nguvu kidogo. Hapo haiendi mbali, itahangaika hapahapa mpaka ipate palipo patupu. Isipopata, itaanguka popote."

Akaniachia namba yake ya simu, akaenda zake.

Jioni yake Mpagazi alipita. Nilikuwa nafua, nikaacha nguo kwenye beseni, nikajikuta nimefika kwa wifi bila viatu. Watoto wamejaa kiwanjani kama kawaida. Mpagazi akapita juu, akaenda zake, wala hakupunguza mwendo.

"Vipi, wifi?" akaniuliza, pini ziko mdomoni. "Nani kafa?"

"Hakuna. Nimeona nyoka. Kaingia kwenye nyasi hapo."

Ndivyo alivyozaliwa yule nyoka wangu. Nikawafukuza watoto wote. Kesho yake wakarudi, na mimi nikarudi, na nyoka akarudi. Wifi akachukua jembe akafyeka ukingo mzima wa kiwanja, hakupata hata gamba.

"Wifi, huyu nyoka wako aliomba ruhusa kwako peke yako?" akasema, jasho linamtoka. "Maana hakuna mwingine anayemwona."

"Ni mwembamba."

"Mwembamba au hayupo?"

Ningeweza kumpigia yule mpimaji. Nilishika simu mara nyingi, nikaiweka. Nitasemaje? Kwamba nilidanganya? Atauliza kwa nini, kisha atakwenda kumweleza wifi mwenyewe. Nikatafuta njia nyingine. Nikawaita watoto waje kucheza kwangu, kule kwenye matofali. Nikanunua mpira mpya, nikawa nawapa mkate wakichoka. Wakaja wote, na wa wifi wakaja. Nikaona nimetengeneza mambo: kule nilikosema watu hawakauki, sasa kweli hawakauki, na kule nilikosema ni panya tu, sasa kweli hakuna kitu. Uongo wangu nimeushonea nguo, umependeza. Usiku nikalala kidogo.

Lakini wifi alinyong'onyea. Alikuja siku moja kuniletea sare ya binti yangu, akasimama mlangoni, hataki kuingia.

"Nimekukosea nini?" akauliza.

"Kwani vipi?"

"Umeniondolea watoto wote. Nilizoea kelele zao. Sasa nashona kama niko kaburini. Yule mwanangu mdogo nilikuwa namwona palepale nilipokaa, sasa kila saa nainuka kuuliza yuko wapi. Kama una neno na mimi, liseme."

"Sina neno, wifi yangu. Ni yule nyoka."

Akanitazama. Hakuchoka kunitazama, mimi ndiye niliyechoka. Nikashika ile sare nikajifanya naangalia pindo.

Siku yenyewe ilikuwa na upepo mkali. Nguo kambani zilikuwa zinajipiga vibao. Nilikuwa narudi kutoka dukani, niko karibu na kwa wifi, nikasikia sauti ya Mpagazi, lakini siyo ile niliyoizoea. Ilikuwa inakwaruza. Nikainua macho. Feni moja imesimama kabisa, na yeye amelala upande kama mtu aliyebeba ndoo moja. Anashuka, na anakuja moja kwa moja kwenye kiwanja cha wifi, palepale nilipomtuma mimi.

Hata sikujua nimeanza kukimbia. Nilikuwa na wazo moja tu, kuhakikisha hakuna mtoto pale. Labda mmoja amefuata ndala, labda yule mtoto mdogo wa wifi amerudi kwa mama yake. Nikaingia katikati ya kiwanja nazunguka, natazama nyasi, natazama ukutani. Hakuna mtoto. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Kisha nikatazama juu. Mpagazi amesimama hewani juu ya kichwa changu. Taa yake ya chini ilikuwa ya kijani, ikageuka nyekundu. Akainuka, akageuka, akaanza kwenda kwangu kwenye matofali, walipo watoto wote.

Maneno ya mpimaji yalinirudia kama mtu kanitemea sikioni. Ikiona mtu, hata mmoja. Mtu mwenyewe ni mimi.

Nikakimbilia barazani kwa wifi, nikajibana ukutani chini ya bati. Wifi akatoka ndani na tepu shingoni.

"Kuna nini? Mbona unahema?"

Akaona Mpagazi ananing'inia kule juu, upande wa kwangu. Akasikia watoto wanashangilia. Walikuwa wanashangilia, jamani, wanampungia mikono. Wifi akatupa tepu, akataka kukata kiwanja mbio kwenda kwao, maana njia ya mkato ni hiyo. Nikamkamata gauni.

"Usitoke! Kaa hapa!"

"Wanangu wako kule!"

"Akituona hapa kiwanjani hatatua! Kule ataona watoto, atarudi. Lazima akute hapa pako patupu. Wifi, nakuomba!"

"Niache!" Akanipiga kifuani. Akaning'ata mkono, na alama ninayo. Nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote kama ninayemkaba mwizi, na yeye analia jina la mwanawe mdogo, na mimi nalia la wa kwangu. Mama gani anamzuia mama mwenzake asiende kwa mwanawe? Nilijua kwamba kama nimekosea, sitasimama tena mbele ya mtu yeyote.

Kule Mpagazi alishuka kidogo, akasita. Akashuka tena, akasita. Kisha tukamwona anageuka. Anarudi, yuko chini sana, sauti inakatika. Alipofika juu ya kiwanja, taa ikawa ya kijani, na hakushuka, alidondoka. Mguu mmoja ukavunjika, akalala ubavu, vumbi likatujia mpaka barazani. Maboksi mawili yakatoka tumboni yakabingirika hadi kwenye cherehani.

Kisha watoto wakaja wanakimbia kwa njia ya juu, wote, wamechafuka na wanacheka. Wifi akawapapasa mmoja mmoja. Mimi nilikaa chini.

Mchana uleule mtaa ulinisifu. "Roho Juu kumbe si bure!" Mzee wa duka akasema, "Huyu aliota. Wiki nzima anafukuza watoto hapa." Wifi akaja akanishika ule mkono alioniuma, akaufunga kitambaa kipya, cha kushonea nguo za wateja. "Nisamehe," akasema. "Mimi nikadhani unanichukia." Hakuna kilichoniumiza kama kile kitambaa.

Yule mpimaji alikuja na mafundi wa kuibeba ndege. Akatuketisha barazani, wifi na mimi.

"Kuna jambo silielewi," akasema. "Ndege ilikataa hapa mara ya kwanza kwa sababu ya mtu mmoja. Kisha kule juu ikaona watoto kumi na zaidi. Sasa mniambie upya. Kiwanja hiki kinakaa watu?"

Wifi akafungua mdomo ajibu. Nikamtangulia.

"Kinakaa," nikasema. "Kila jioni. Watoto wa mtaa mzima. Cha kwangu ndicho kilichokuwa kitupu, hata mbuzi haendi. Wewe ulikuja ukaniuliza, nami nikageuza. Nilitaka isishuke kwangu."

Mpimaji akaacha kubonyeza. "Lakini ulisema hapa ni..."

"Nilisema panya tu ndio hupita."

Wifi hakupiga kelele. Ningependa apige kelele. Aliutazama mkono wangu, kile kitambaa, kisha akamtazama mwanawe mdogo aliyekaa juu ya boksi anachezea kamba.

"Katika hawa wanangu, wifi," akaniuliza polepole, "panya ni yupi?"

Nikaanza kukifungua kile kitambaa.

Sasa kiwanja changu ndicho cha akiba. Wamekizungushia mawe yaliyopakwa chokaa. Mpagazi akipita, nawaingiza wanangu ndani, na mimi nasimama chini ya bati mpaka sauti iishe. Watoto wamerudi kwa wifi na mpira niliowanunulia. Wifi bado ananishonea, sare zinakuja zimekunjwa vizuri, pindo limepigwa mara mbili, lakini anayezileta ni yule mwanawe mdogo. Salamu haziji.

Na yule mtoto alisikia mazungumzo ya barazani, akayachukua kuwa mchezo. Akifika mlangoni kwangu habishi hodi. Anaweka nguo chini, anakunja vidole viwili juu ya kichwa viwe masikio, ananililia kama panya, kisha anasubiri nicheke.